Historia ya Uloto Ilipokatishwa

Magomeni, Kilosa
3 Februari 2025

Kaka Marko,

Shikamoo. Hapa tupo, kwa kiasi chetu. Shemeji yako Hezekia anakusalimu. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaipokea ukiwa umesimama kwenye gogo la nyama, na ikilia, foleni nzima ya bucha inageuka kuwa ukoo. Mara ya mwisho nilipokupigia habari za Upendo, mteja ndiye aliyenipa pole kabla yako.

Habari ni hii. Upendo amelazwa mara tatu tangu Krismasi. Maumivu ya miguu unayajua. Ambalo hukuambiwa ni kwamba mwezi wa kumi na moja mkono wake wa kushoto ulilegea, kijiko kikawa kinamponyoka siku mbili nzima. Tulisema amechoka. Hakuwa amechoka. Daktari wa Dodoma anasema ni ileile selimundu, damu ilikwama kwenye mshipa wa kichwani, na ikikwama tena huenda isiishie mkononi.

Anasema iko tiba ya kuimaliza. Inaitwa kupandikiza uloto. Wanautoa kwenye mfupa wa mtu mwenye afya, wanamwekea mgonjwa, nao unaanza kumtengenezea damu mpya. Upendo ana miaka tisa, umri wake unafaa. Ila wa kuutoa awe ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Mimi sifai, Hezekia hafai, kila mmoja wetu ni nusu tu.

Nilimwambia daktari nitamwandikia kaka yangu. Akauliza kaka anahusikaje. Nikamwambia kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Akaandika kitu kwenye faili. Sijui aliandika nini.

Neno ninalolitaka unalijua. Silitaji hapa, maana bahasha hii inapita kwa Onesphory, na Onesphory ni dereva anayesoma mabango ya waganga mpaka namba za simu.

Dada yako,
Debora

*

Mikumi
10 Februari 2025

Debora,

Marahaba. Pole ya mteja umeshaipata, hii ni yangu. Nimeisoma barua nikaifunga, kisha nikamkatia mtu mbavu aliyeomba paja. Hakulalamika, kumbe nami nilikosea bei.

Nimeanza kuusoma huo uloto. Sisi buchani tunauita uboho, na nimeupasulia watu kwa shoka miaka thelathini na moja bila kuujua. Simu ya Costancia ina kila kitu, ila kwa Kiingereza. Kiingereza changu kinatosha kumuuzia Mzungu anayekwenda kuangalia tembo, hakifiki kwenye damu. Kwa hiyo jioni tukishafunga, binti anasoma na kunitafsiria, mimi nanoa visu na kuuliza maswali. Nimemwambia ni kwa ajili ya kumwelewa mdogo wake. Amefurahi. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana, anangoja nafasi ya chuo na hana kazi nyingine zaidi ya kuniangalia kidole changu kwenye mizani.

Sasa sikia. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, madaktari wakubwa wa Ulaya walikuwa wanawapa wagonjwa waliopungukiwa damu uboho wa ng'ombe waule. Ndiyo, waule. Wengine waliuchanganya na mvinyo ili ushuke. Hapo mimi ningekuwa profesa, na Alfred mkaguzi wa nyama angenigongea mhuri wake kwenye koti jeupe. Walikuwa wamekisia sawa kwamba damu inatoka mle. Walikosea mlango tu.

Kuhusu ndugu: ndugu tunao. Watoto wa marehemu dada Naomi wako watano pale Kisanga, wote wazima, wanalima, hawajui hata panadol. Mama yao na mama yake Upendo ni tumbo moja, basi na wao na Upendo ni tumbo moja. Nimeshampelekea Yared neno. Yeye na wenzake watakuja Kilosa mwisho wa mwezi, wapandishe kwenye treni ya umeme uwapeleke Dodoma.

Neno la mjomba ndilo hilo.

Kaka yako,
Marko

*

Magomeni, Kilosa
28 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Tumekwenda, tumerudi.

Walivaa suti zote walizonazo, yaani suti tatu kwa watu watano. Yared alisimama safari nzima kwa sababu kila treni ilipoingia kwenye handaki alitaka kuona inatokaje. Pale hospitali tukaingia wote, daktari akainuka kutafuta viti.

"Hawa wote ni ndugu wa mtoto?"

"Wote," Yared akajibu.

"Mama mmoja?"

"Mmoja!" Watano, kwa pamoja, kama kwaya.

"Na baba?"

Wakamwonyesha Hezekia. Na kweli, mume wa mama mdogo ni baba, wangemwonyesha nani tena? Daktari akamwangalia Hezekia, akamwangalia Yared na ule upara wake. Akauliza umri. Hezekia arobaini na tano. Yared thelathini na tisa. Daktari akaandika hesabu pembeni ya karatasi, akashika kidevu.

"Mzee," akamwambia Hezekia kwa upole, "ulianza mapema sana."

Hezekia, unamjua alivyo, akasema, "Ndivyo mambo yalivyokuwa."

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza tena kurudi kwenye kicheko. Hawakupimwa. Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: ndugu wa ukoo ni ndugu, lakini mfupa haujui ukoo. Kwa kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kuna nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Kwa hao wengine ni bahati ya kuokota.

Basi, na Onesphory asome akitaka. Costancia nilimzaa mimi. Mimi na Hezekia, hapa Kilosa, miaka kumi na tisa iliyopita. Hezekia alikuwa anakata miwa Kidodi, mimi sikuwa na maziwa wala akili, na wifi Teresia alikuwa amepoteza mimba tatu. Mama akasema mtoto wa dada akikaa kwa mjomba hajaenda popote. Nilimleta akiwa na miezi saba. Sijajuta, kaka, na sikuandiki kumdai. Ninaomba aulizwe tu. Upendo ana ndugu mmoja duniani wa kuweza kulingana naye, naye anakunolea visu.

Debora

*

Mikumi
9 Machi 2025

Debora,

Marahaba. Visu nanoa mwenyewe. Hilo nilisahihishe kwanza.

La Hezekia na Yared nimemsimulia Alfred, ameahirisha kukagua mbuzi wawili kwa kicheko. Nilimwambia bila kutaja sababu ya safari.

Sasa nikueleze nilikofika. Mwaka 1958 kule Yugoslavia wanasayansi sita walipigwa na mionzi kazini. Wakakimbizwa Paris. Watano walioumia zaidi wakawekewa uloto wa Wafaransa waliojitolea, watu wasiowajua wala kuwaamkia. Mmoja akafa, wanne wakarudi kwao. Umeona? Hawakuwa ndugu hata kidogo. Nilipofika hapo niliinuka nikachemsha chai.

Costancia akaendelea kusoma wakati chai inachemka. Wataalamu wenyewe wanabishana mpaka leo kama wale wanne waliponywa na uloto wa wageni au miili yao ilijifufua yenyewe. Chai ile sikuimaliza.

Na baada ya hapo ni makaburi. Mtu mmoja alikusanya habari za wagonjwa mia mbili na kitu waliopandikizwa uloto miaka ya hamsini na sitini. Mia mbili, Debora. Ama uloto uligoma kushika, ama ulishika ukaanza kumshambulia mwenye nyumba. Hakukuwa na hata mmoja wa kusimama aseme mimi huyu hapa. Wengi wa wakubwa waliachana na kazi hiyo, wakasema uloto wa binadamu hauhamishiki. Tulikuwa tumefika mwaka 1967. Nikamwambia Costancia afunge simu, inatosha, tumeelimika.

Huo ndio ushauri wangu wa kitaalamu. Nyuma yake kuna mwingine usio wa kitaalamu. Teresia aliniita siku mbili kabla hajafa. Hakuniachia wosia wa shamba wala wa nguo zake. Alisema, "Asijue." Nikasema hatajua. Ni neno dogo, nililitoa haraka ili apumzike. Sasa limekaa hapa ndani ya nyumba kama mpangaji asiyehama.

Nipe muda kidogo.

Marko

*

Magomeni, Kilosa
16 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Muda siupati mimi wa kukupa. Upendo ameongezewa damu tena juzi. Ameanza kuwaambia manesi mshipa upi ni mzuri.

Nilikwenda Kisanga kuwashukuru wakina Yared. Habari imeshawafikia wazee, na wamekaa vikao viwili. Unajua kwetu inasemwa damu mtu anapewa na mama, mifupa anapewa na baba. Basi uloto ni wa nani? Uko ndani ya mfupa, kwa hiyo upande wa Hezekia wanasema waombwe wao. Lakini ndio unaotengeneza damu, kwa hiyo upande wetu wakasema hao wengine ni kontena tu. Mzee Cleopa akafunga kikao kwa kusema Mungu aliuficha mle ndani makusudi ili wakwe wasigombane, na madaktari wameharibu. Nilikuwa naosha vyombo, nikacheka peke yangu.

Umenihesabia waliokufa mia mbili. Mimi nilimuuliza daktari jambo moja tu: kabla ya huyu wangu, hapo Dodoma amewahi kumwona mtoto aliyepona? Akasema ndiyo. Nikamuuliza amewahi kumwona ambaye hakupona? Akasema uwezekano huo upo, na asiponiambia sasa nitamchukia baadaye. Nimempenda kwa jibu hilo la pili.

Teresia alikuwa wifi yangu kabla hajawa marehemu wako. Alikuja kunikanda mgongo nilipomzaa Upendo, akalala kwangu wiki tatu. Sidhani alijua anachokuomba kingekuja kukutana na hiki. Lakini siwezi kumsemea, na wewe ndiye uliyeahidi.

Sitamwandikia Costancia kwa mlango wa nyuma. Ningeweza, namba yake ninayo. Sitafanya. Neno ni lako, ukilikalia nitajua umelikalia.

Debora

*

Mikumi
23 Machi 2025

Shangazi Debora,

Shikamoo. Ni mimi Costancia. Hali ya Upendo nimeisikia kwa Onesphory, ambaye kwa kweli hajafungua bahasha yenu hata moja. Anasema anachoona kinamtosha: barua zinakuja nene, zinakwenda nene, na baba akizipokea anakosea mizani kwa faida ya mteja.

Baba aliniambia nifunge simu tulipofika mwaka 1967. Sikuifunga. Mwaka unaofuata tu, 1968, kule Marekani kulikuwa na mtoto mchanga wa kiume asiye na kinga ya mwili. Wakawapima dada zake, mmoja akalingana. Wakachukua uloto wake wakampa mdogo wake, ukashika, akaishi. Wakati huo walikuwa wamejua tayari kwamba chembe za watu zina alama, na kwamba alama hizo mtu anazipata nusu kwa baba nusu kwa mama. Makosa ya wale mia mbili yakaeleweka: walikuwa wanapanda bila kuangalia mbegu.

Nilimsomea baba hayo yote siku iliyofuata. Alikuwa anakata mfupa wa goti. Nikamuuliza, "Baba, hivi Upendo ana ndugu wangapi wa baba mmoja na mama mmoja?"

Akasema, "Mpimie mama huyo kilo mbili."

Hakukuwa na mama yeyote, shangazi. Bucha lilikuwa tupu.

Nikaanza kukaa na mambo. Wakina Yared walirudishwa, lakini barua hazikukoma. Kama huna wa kulingana, mnaandikiana nini? Halafu kadi yangu ya kliniki. Imeanzia mwezi wa nane wa umri wangu. Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza mama Teresia kurasa za kwanza ziko wapi, akasema zililiwa na panya. Nikaamini. Sasa nimeitazama tena. Panya wa Mikumi wana mkono mzuri, wamekata kwa wembe.

Swali langu ni fupi, nijibu kwa neno moja. Mimi ni ndugu wa Upendo wa baba mmoja na mama mmoja?

Barua hii nampa baba aisome kabla sijaifunga. Sitaki nami nianze kuficha, wafichaji wametosha.

Mwanao,
Costancia

(Chini, kwa kalamu nyingine)
Nimesoma. Hilo neno la mwisho kabla ya jina lake ameliandika mwenyewe, sikumtilia mkono. Mjibu. Marko.

*

Magomeni, Kilosa
26 Machi 2025

Costancia,

Marahaba mwanangu.

Ndiyo.

Ulitaka neno moja nami nimekupa, lakini karatasi imebaki. Ulizaliwa hapa Kilosa alfajiri, mvua ikinyesha, Hezekia akiwa Kidodi. Alikuja siku ya tatu juu ya lori la miwa, mweusi kwa masizi, wakamkataza kukushika mpaka aoge. Akaoga mara mbili. Miezi saba nilikuwa nawe. Ulikuwa unakataa kulala ila umeshika sikio la mtu. Sijui kama Teresia alikuta bado una tabia hiyo, sikuwahi kumuuliza. Nilijikataza kuuliza vitu vya aina hiyo, maana kimoja kingevuta kingine.

Hatukukutupa na hatukukuuza. Hata hivyo tulikuficha, na hilo huna sababu ya kulipokea kwa asante.

Sasa sikiliza vizuri. Kujua ni haki yako, na nimekupa. Kupimwa ni jambo lingine. Una miaka kumi na tisa, daktari anasema jibu litoke kwako peke yako, chumbani, bila mimi. Ukisema hapana, hapa pia utakuja kula kama ulivyokuwa unakuja. Nimeandika sentensi hiyo mara nne ili iwe kweli, na nadhani hii ya nne ni kweli.

Debora

*

Dodoma
19 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama na majibu yametoka. Tumelingana. Daktari alisema tumelingana kabisa, akatuonyesha karatasi mbili zenye namba, akaziweka moja juu ya nyingine akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Baba Hezekia aliomba azishike. Alizishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Pale mapokezi karani aliniuliza jina la baba. Nikasema Marko. Akasema fomu hii inataka aliyekuzaa. Nikamwambia andika wawili, nafasi ipo. Akasema mfumo hauruhusu. Nikamwambia mfumo wetu unaruhusu, andika kwa kalamu pembeni. Ameandika.

Kazi yenyewe ni Julai. Mimi watanipa usingizi wa dawa, watachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, wavute uloto. Nitaumwa mgongo siku chache, mwili unautengeneza upya wenyewe. Upendo ndiye mwenye safari. Kwanza wiki nzima ya dawa kali za kuua uloto wake wote wa zamani, kama shamba linavyosafishwa. Hapo katikati atakuwa hana wa zamani wala wa kwangu. Hapo ndipo daktari anapopunguza sauti akiongea.

Aliniingiza chumbani peke yangu kama shangazi alivyosema. Akaniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikasema yupo aliyejaribu kunizuia kwa historia ya miaka themanini, nikaona bora niimalizie.

Bado naita shangazi. Mdomo umezoea, na yeye hajalalamika. Hasira ninayo, baba, usidhani sina. Nina hasira na wewe, na yeye, na hata mama Teresia aliyelala. Nimeiweka mahali. Nitaishughulikia baada ya Julai, nikiwa na nyonga zangu zote mbili.

Upendo anauliza kama akipata damu yangu ataanza kupenda bamia.

Binti yako,
Costancia

*

Mikumi
2 Julai 2025

Costancia,

Marahaba binti yangu. Bamia usimtishie nazo mgonjwa.

Bucha lipo. Tangu uondoke mizani yangu imekuwa ya kweli, kwa sababu nikiweka kidole naona aibu na hakuna wa kunikemea. Tembo walipita nyuma ya soko juzi, wakala mapapai ya Beda, wakaacha ndizi. Beda ametukanwa na mkewe kana kwamba ndiye aliyewaelekeza.

Wiki ijayo ndiyo siku. Nilitaka nikuandikie jambo la maana, nikajikuta nimekaa na simu niliyonunua, na Alfred ananisomea pale ulipoachia. Anatafsiri vibaya kuliko wewe, kila mgonjwa kwake ni ng'ombe. Lakini tumefika miaka ya themanini mwanzoni. Kulikuwa na binti wa Kimarekani wa miaka minane mwenye saratani ya damu, na pia alikuwa na selimundu. Walimpandikiza uloto wa ndugu yake kwa ajili ya saratani. Saratani ikaondoka. Baadaye wakapima, wakakuta na selimundu nayo haipo. Hakuna aliyekuwa anaitafuta hiyo. Ndivyo walivyojua kwamba inawezekana.

Nikamwambia Alfred arudie. Halafu nikamwambia arudie tena bila ng'ombe.

Mwezi wa tatu niliisimamisha historia mahali ilipokuwa bado inaua watu. Nilijua kuna kurasa mbele, mtu yeyote angejua, simu haikuwa imeisha. Niliogopa kwamba mbele kuna dada. Sikuogopa kwamba utakwenda Dodoma. Niliogopa utarudi ukiwa mgeni, unabisha hodi, unasema "samahani mzee". Ni woga wa kijinga wa mtu aliyezeeka na binti mmoja. Kwa ajili yake Upendo ameongezewa damu mara mbili zaidi. Hilo nalijua, na wewe huna haja ya kunisaidia kulibeba.

Hiyo hasira yako usiipunguze ili kunipendeza. Njoo nayo nyumbani. Chumba chako hakijaguswa.

Kaburini kwa mama yako nilikwenda Jumapili. Nilimwambia nimevunja neno. Nilikaa kidogo kungoja kama nitajisikia vibaya. Nilijisikia njaa, nikarudi.

Baba yako,
Marko

*

Dodoma
1 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Naandika haraka, Hezekia anapanda treni saa nane na ataipeleka bahasha hii kwa Onesphory.

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Uloto wenyewe ulikuja kwenye mfuko mdogo, mwekundu mzito, wakauning'iniza kama damu ya kawaida. Upendo alilala katikati ya shughuli. Costancia aliletwa kwa kiti cha magurudumu akatazama kupitia kioo, akasema, "Yaani ndicho hicho tu?"

Baada ya hapo zilikuwa siku ambazo sitakuandikia. Nywele zilikwenda. Mdomo ulijaa vidonda akawa anaongea kwa kope. Siku ya kumi na moja homa ilipanda, na daktari akawa anapita kila baada ya muda mfupi bila kusema kitu, nami nikawa namchukia kila asiposema. Nilijifunza kusoma namba za chembe za damu kwenye ile karatasi ya ukutani. Sifuri. Sifuri. Sifuri nukta moja. Halafu sifuri tena.

Juzi ikawa nukta tano. Jana ikapita. Leo asubuhi daktari ameingia, amevuta kiti, amekaa. Hajawahi kukaa. Amesema uloto umeshika. Chembe mpya zinatoka, na wamezipima, ni za Costancia. Njia bado ni ndefu, kuna dawa za miezi na vipimo vya mwaka, na uloto mgeni unaweza kuleta ubishi baadaye. Yote ameyasema akiwa amekaa.

Costancia yuko kwenye korido na baba yake Hezekia. Wamekaa wanagombania namna ya kumenya chungwa. Anasema Jumamosi ya wiki ijayo anarudi kwako, kaka, na kwamba ana mambo ya kukuambia na usiwaite wateja.

Debora

*

Mikumi
4 Agosti 2025

Debora,

Marahaba, na marahaba tena.

Barua yako nilipewa saa tano, bucha limejaa. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaenda nyuma nikaisoma nimekaa. Kisha nikatoka nikampa Alfred, nikamwambia aisome kwa sauti mbele ya watu wote, nione kama maneno yatabaki yaleyale.

Yamebaki.

Marko